Funika Ardhi Kabla ya Juni Kuisha: Mwongozo wa Kuongeza Mavuno ya Viazisukari Bonde la Red River

Kiazisukari ni ndugu wa bitiruti nyekundu tunayoijua sokoni, ila chenyewe ni cheupe, kinene, na mzizi wake uliokomaa hubeba sukari asilimia 17 au 18 ya uzito wake. Nchini Marekani hakuna mahali kinapolimwa kwa wingi kuliko Bonde la Red River, kwenye mpaka wa majimbo ya Minnesota na North Dakota. Kiwanda cha sukari cha East Grand Forks kilijengwa mwaka 1926. Mwaka 1973 wakulima wenyewe waliungana wakainunua American Crystal Sugar, kampuni yenye kiwanda hicho, na hadi leo ni ushirika wao.

Majira ya kilimo huko ni mafupi. Udongo huanza kupata joto Aprili, jalidi hurudi Septemba, na Novemba ardhi huganda. Hata hivyo mkulima hodari huvuna tani 60 za mizizi kwa hekta moja, na mwaka mzuri huzidisha. Mwenzake aliye ng'ambo ya barabara, mwenye udongo uleule na mvua ileile, huweza kupata pungufu sana. Tofauti yao hutokana na maamuzi machache yanayofanywa kwa wakati wake, na mwongozo huu unayapitia moja baada ya jingine.

Unakufaa wewe unayelima bondeni, uwe mwanahisa wa ushirika au mshirika wa mwanahisa. Kumbuka tu kwamba haki ya kupeleka mizizi kiwandani hufungamana na hisa, kwa hiyo suala hilo limalizike kabla hujanunua mbegu. Unakufaa pia wewe unayeendesha trekta au unayefanya kibarua cha msimu. Katika miji ya Fargo, Moorhead na Grand Forks wanaishi wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo na Burundi, na kila Oktoba maelfu ya watu huajiriwa kwenye vituo vya kupokelea mizizi. Anayejua kwa nini kazi inafanywa hivi na si vile huifanya vizuri zaidi, na siku akipata shamba lake hataanzia sifuri.

Kanuni ya kushika kabla ya nyingine zote

Sukari hutengenezwa na jani kwa mwanga wa jua, kisha huhifadhiwa mzizini. Kadiri majani yanavyonasa mwanga mwingi katika msimu, ndivyo sukari inavyoongezeka, karibu kwa uwiano ulionyooka. Katika bonde hili siku ndefu kuliko zote ni karibu na tarehe 21 Juni, na mchana wake hufika saa 16. Mwanga wa wiki zinazoizunguka siku hiyo ndio mkali na mrefu kuliko wa mwaka mzima. Ukiangukia majani, umekuwa sukari. Ukiangukia udongo mtupu kati ya mistari, umepotea, na hakuna mbolea wala dawa ya Agosti itakayoufidia.

Kwa hiyo kila unapotaka kufanya jambo shambani jiulize maswali matatu. Je, litayafanya majani yafunike ardhi mapema zaidi? Je, litayaweka hai na yenye afya hadi Oktoba? Na je, sukari iliyokwisha kutengenezwa itafika kiwandani salama? Jambo lisilojibu hata swali moja kati ya hayo linakula fedha yako bure.

Swali la tatu wengi hulisahau. Mkulima halipwi kwa uzito peke yake. Kiwandani hupimwa kiasi cha sukari, na pia uchafu unaoizuia isigeuke chembechembe: sodiamu, potasiamu na naitrojeni iliyomo ndani ya mzizi. Uchafu huo ukizidi, sukari huishia kwenye molasi. Mkulima wa miwa wa Kilombero anaelewa jambo hili bila kufundishwa, kwa kuwa naye muwa wake hupimwa kiwango cha sukari.

Ardhi: kazi huanza mwaka uliotangulia

Bonde hili lilikuwa sakafu ya ziwa kubwa la enzi ya barafu, Ziwa Agassiz. Maji yalipoondoka yaliacha udongo wa mfinyanzi mweusi, wenye rutuba nyingi, juu ya ardhi tambarare isiyo na mteremko wa kumwaga maji. Mto wenyewe huelekea kaskazini. Majira ya kuchipua yanapofika, theluji ya kusini huyeyuka kwanza, na maji yake hukutana na mto ambao huko mbele bado umeganda. Ndiyo sababu mafuriko ni sehemu ya maisha ya huko; yale ya mwaka 1997 yaliuzamisha mji wa Grand Forks.

Jambo la kwanza, basi, ni kuyatoa maji. Safisha mifereji ya pembezoni kabla ya theluji kuanguka. Mahali maji yanapotuama kila mwaka, mabomba yenye matundu yanayofukiwa chini ya ardhi hulipa gharama yake, kwa sababu udongo uliotoa maji hupata joto upesi na trekta huingia mapema. Udongo uliojaa maji, hata jua likiwaka, hubaki na baridi, na mzizi uliokosa hewa huoza.

Kazi nzito ya kulima ifanyike baada ya mavuno ya mwaka uliotangulia, udongo ukiwa mkavu kiasi. Baridi ya kipupwe itayavunjavunja mabonge yenyewe. Aprili usiguse zaidi ya sentimita chache za juu, ili unyevu ubaki na mbegu ilale juu ya udongo ulioshikamana. Kamwe usiingie na mashine nzito udongo ungali mbichi. Tabaka gumu litakalojengeka litauzuia mzizi kushuka, nao utagawanyika vidole viwili au vitatu. Mzizi wa namna hiyo hukatika wakati wa kung'olewa na kubeba udongo mwingi hadi kituoni. Mzizi wenye nafasi hushuka zaidi ya mita moja na nusu, na wakati wa ukame wa Julai maji unayoyahitaji yako huko chini.

Mzunguko wa mazao ni kinga ambayo hainunuliwi dukani. Usirudishe viazisukari katika shamba lilelile kabla ya miaka mitatu kupita, na kama unaweza kusubiri zaidi ni bora. Zao linalotangulia nalo lina uzito wake. Ngano au shayiri huvunwa mapema, huacha muda wa kuandaa ardhi na haiongezi sana magonjwa ya mizizi. Soya, maharage na mahindi huhifadhi kuvu wa Rhizoctonia, anayeozesha mzizi wa kiazisukari, kwa hiyo shamba lililotoka kwenye mazao hayo linahitaji aina ya mbegu inayostahimili ugonjwa huo na uangalizi wa karibu.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni huona la ajabu: wakulima wa bonde humwaga chokaa kwenye udongo ambao hauna asidi hata kidogo. Chokaa hiyo ni masalia ya kiwanda, iliyokwisha kutumika kusafisha maji ya sukari. Utafiti wa miaka mingi bondeni umeonyesha kwamba hupunguza sana ugonjwa wa Aphanomyces, unaoua miche na kuozesha mizizi kwenye udongo wenye maji, na kinga yake hudumu miaka mingi baada ya kumwagwa mara moja. Kama shamba lako lina historia ya ugonjwa huo, tafuta chokaa hiyo kabla ya kutafuta dawa yoyote.

Mbolea: naitrojeni ya kutosha, isiyozidi

Pima udongo kila msimu wa mapukutiko kabla ya kupanda, na upime kwa kina. Sampuli ya sentimita 15 za juu haitoshi kwa zao lenye mzizi mrefu kiasi hiki. Chukua hadi sentimita 120. Ushauri uliozoeleka bondeni ni kwamba naitrojeni iliyomo ardhini ukijumlisha na utakayoongeza ifike takribani kilo 145 kwa hekta. Ukikuta ardhini mna kilo 60, unaongeza 85, basi.

Kuna kishawishi cha kuongeza kidogo kwa ajili ya usalama. Kikatae. Naitrojeni ikizidi, majani hustawi na kupendeza macho hadi Septemba, lakini mmea huendelea kujenga majani badala ya kuweka sukari. Asilimia ya sukari hushuka, uchafu wa naitrojeni mzizini hupanda, na kiwanda kinakukata mara mbili. Shamba zuri la viazisukari huanza kupauka kidogo mwishoni mwa Agosti. Hiyo ndiyo dalili kwamba naitrojeni imekwisha kwa wakati wake na mmea umegeukia sukari. Samadi nayo ihesabiwe, kwa kuwa huendelea kutoa naitrojeni katikati ya msimu, wakati usioitaka.

Fosforasi ina kazi ya pekee mahali penye baridi. Udongo wa Aprili hata ukiwa na fosforasi nyingi, mche mdogo hauwezi kuifikia, kwa sababu mizizi yake ni mifupi na baridi huuchelewesha. Kwa hiyo weka kiasi kidogo cha mbolea ya maji ya kupandia, yenye fosforasi, ndani ya mstari pamoja na mbegu. Wengi bondeni hutumia takribani lita 28 za mbolea iitwayo 10-34-0 kwa hekta. Kiasi hicho kidogo, kikikaa pale mzizi wa kwanza unapochomoza, hufanya kazi ya mbolea nyingi iliyotawanywa shamba zima. Usizidishe karibu na mbegu, maana chumvi yake huunguza.

Mbegu na siku ya kupanda

Ushirika hupima aina za mbegu katika mashamba ya majaribio kila mwaka na kutoa orodha ya zilizoidhinishwa. Usichague kwa kuangalia tu iliyoongoza kwa sukari. Chukua ramani ya mashamba yako, andika ugonjwa uliowahi kutokea katika kila moja, kisha uchague mbegu shamba kwa shamba: pale penye Aphanomyces, aina inayostahimili Aphanomyces, pale madoa ya majani yalipotesa, aina yenye ukinzani wa madoa. Aina inayoongoza kwenye majaribio safi huweza kuwa ya mwisho kwenye shamba lenye ugonjwa.

Mbegu ya kiazisukari huanza kuamka joto la udongo likipita nyuzi 3 za selsiasi, lakini kwa joto hilo huota polepole mno. Subiri udongo wa kina cha mbegu ufike nyuzi 5 au zaidi, na utabiri wa siku zinazofuata uonyeshe joto likipanda. Kwa kawaida hali hiyo hupatikana kuanzia nusu ya pili ya Aprili hadi mapema Mei. Kuwahi kuna faida kubwa, kwa kuwa kila siku ya majani kabla ya Juni ni ya thamani. Hata hivyo usipande kwa kufuata kalenda peke yake. Udongo mbichi unaonata kwenye magurudumu unakuambia usubiri, hata kama jirani ameshaanza.

Mistari ya bonde hupandwa kwa nafasi ya sentimita 56. Lenga kupata mimea takribani 100,000 kwa hekta, iliyopangika sawasawa. Mbegu ilale kina cha sentimita 3, kwenye udongo wenye unyevu. Ikilala juu zaidi, upepo utaikausha. Ikizama, mche utachoka kabla ya kufika juu. Endesha trekta polepole, kilomita 7 au 8 kwa saa, na kila baada ya muda shuka ufukue mbegu kwa mkono uone zimekaa wapi. Ukienda kasi, utalipia saa mbili ulizookoa leo kwa mapengo ya miezi sita. Pengo shambani halitoi sukari, na mizizi iliyo jirani ya pengo huwa mikubwa, yenye sukari hafifu na uchafu mwingi.

Wiki sita za hatari

Mche wa kiazisukari ni dhaifu kuliko wa nafaka. Maadui wake wa kwanza bondeni ni upepo na jalidi. Upepo wa Mei, juu ya ardhi isiyo na kilima wala mti wa kuuzuia, hurusha chembe za udongo zinazokata miche kama msasa. Kinga yake ni kupanda shayiri, ngano au oti nyembamba pamoja na viazisukari. Nafaka hiyo huota upesi na kuvunja upepo. Ikishamaliza kazi, iue kwa dawa mapema, kabla haijaanza kunyang'anya zao maji na mwanga.

Jalidi inayofika nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri huua miche inayochomoza. Miche iliyokwisha kutoa majani kadhaa huvumilia zaidi. Ukipigwa na jalidi, usikimbilie kung'oa shamba asubuhi ileile. Subiri siku chache, kisha utazame katikati ya mche. Kitovu kikiwa kijani na kigumu, utapona. Hesabu mimea iliyo hai katika sehemu nyingi za shamba. Hata ukibaki na nusu ya idadi uliyolenga, ikiwa imesambaa vizuri, mara nyingi ni afadhali kuiacha kuliko kupanda upya mwishoni mwa Mei, kwa sababu ile mimea michache tayari imewahi jua.

Magugu ndiyo vita vya kila mwaka. Tangu mwaka 2008 wakulima wengi wa Marekani hupanda viazisukari visivyodhuriwa na dawa ya glaifoseti, na kwa muda palizi ilikuwa rahisi. Sasa magugu kadhaa yamekuwa sugu. Baya kuliko yote ni aina moja ya mchicha pori mrefu, Amaranthus tuberculatus, ambalo huota kwa zamu kuanzia Mei hadi katikati ya majira ya joto, na mmea mmoja wa kike huzaa mamia ya maelfu ya mbegu. Usisubiri ulione. Tumia viuagugu vinavyokaa kwenye udongo na kuua mbegu zinapoota, uvirudie kwa zamu mche ukiwa na majani mawili, kisha manne hadi sita, ili kinga isikatike hadi majani yafunike ardhi. Badilisha makundi ya dawa. Linalobaki ling'oe kwa mkono kabla halijazaa, na ulitoe shambani. Ukipalilia kwa mashine, nenda taratibu, usirushe udongo juu ya kitovu cha mmea. Udongo huo ndio unaobeba kuvu wa kuozesha.

Kaskazini mwa bonde kuna pia nzi ambaye funza wake hula mizizi. Hutoka ardhini katika mashamba yaliyolimwa viazisukari mwaka uliopita, na kurukia mashamba mapya mwezi wa Juni. Kama uko katika ukanda wake, dawa ya chembechembe iwekwe wakati wa kupanda, kisha ufuate taarifa za mitego zinazotolewa na maofisa ugani wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota.

Julai hadi Septemba: linda majani, linda mizizi

Kuanzia hapa umeshafunika ardhi, na kazi yako ni kulinda kiwanda chako cha majani. Adui mkuu ni ugonjwa wa madoa, unaoletwa na kuvu wa Cercospora. Huanza kama vidoa vya kijivu vyenye ukingo mwekundu. Vikiungana, jani hukauka. Mmea hulazimika kuotesha majani mapya kwa kutumia sukari uliyokuwa umeiweka, kwa hiyo unapoteza uzito na asilimia ya sukari kwa pamoja. Kuvu huyu hupenda joto la mchana la nyuzi 25 hadi 35, usiku usio baridi, na majani yanayobaki na umande kwa saa nyingi.

Mlipuko wa mwaka 2016 uliwafundisha wakulima wa bonde somo gumu: kuvu alikuwa amezoea dawa zilizotegemewa. Tangu hapo kanuni ni hizi. Anza kupulizia mapema, ugonjwa ukiwa unatarajiwa au dalili za kwanza zinapoonekana, usingoje madoa yaenee. Kila mara changanya dawa za makundi mawili tofauti. Usirudie kundi lilelile mara mbili mfululizo. Tumia maji ya kutosha ili dawa ifike majani ya chini, na rudia kila baada ya siku 10 hadi 14 hali ya hewa ikiendelea kuwa ya unyevu. Mabaki ya majani ya mwaka uliopita hubeba ugonjwa, kwa hiyo yafukie, na ukiweza usipande karibu na shamba la mwaka jana.

Chini ya ardhi nako kuna hatari. Ukiona mimea inanyauka mchana ingali na maji, ing'oe, uikate. Madoa meusi yanayoanzia kwenye kitovu na mashina ya majani huashiria Rhizoctonia. Ncha ya mzizi iliyooza na kubaki kama nyuzi, hasa mabondeni penye maji, huashiria Aphanomyces. Ugonjwa wa kwanza huzuiwa kwa dawa inayopuliziwa kwenye mstari mwanzoni mwa majira ya joto, udongo ukikaribia nyuzi 18. Ukishaingia mzizini hakuna tiba. Wa pili, ukishauona Agosti, huna la kufanya mwaka huo zaidi ya kuuandika kwenye ramani yako. Mizizi iliyooza usiichanganye na mizuri, maana mmoja ukiingia kwenye lundo la kituoni huozesha iliyo jirani.

Kuvuna: sukari inaweza kupotea karibu na mlango wa kiwanda

Septemba yenye usiku wa baridi na mchana wa jua ndiyo hujaza sukari. Ndiyo maana ushirika huchukua sehemu ndogo tu ya mizizi mwishoni mwa Agosti na Septemba, kiasi cha kulisha viwanda, na mavuno makuu huanza tarehe 1 Oktoba. Hapo kazi huendelea usiku na mchana.

Mizizi ya bonde hurundikwa nje, milima kwa milima, na viwanda huendelea kuisaga hadi majira ya kuchipua. Baridi iliyokuhangaisha Aprili sasa inageuka ghala. Lakini ghala hilo lina masharti. Mzizi uliong'olewa bado unapumua, na kwa kupumua unaunguza sukari yake na kutoa joto. Ukiingia kwenye lundo ukiwa moto, joto hujilimbikiza na kuoza kunaanza. Kwa sababu hiyo uvunaji husimamishwa joto la mizizi likizidi takribani nyuzi 13. Mizizi ikiganda pia uvunaji husimamishwa, kwa kuwa tishu zilizopasuka kwa barafu, zikiyeyuka ndani ya lundo, huoza na kuambukiza. Dereva anayeambiwa azime mashine saa saba mchana jua likiwa zuri asidhani msimamizi ni mkorofi. Anaokoa sukari ya kipupwe kizima.

Yako mambo manne yaliyo mikononi mwako siku hiyo. Ondoa majani yote na vikonyo vyake, lakini usikate nyama ya mzizi; kikonyo kilichobaki huchipua na kuleta joto katika lundo, na kidonda kikubwa huvujisha sukari. Usiondoe majani mbali sana mbele ya mashine ya kung'olea, kwa sababu usiku wa jalidi majani hayo ndiyo blanketi la kitovu. Rekebisha kina na kasi ya mashine kila udongo unapobadilika, ukitazama nyuma mara kwa mara kama mikia ya mizizi inabaki ardhini. Na punguza udongo unaosafiri na mzigo, kwani huziba njia za hewa katika lundo.

Panga pia mavuno yako kwa kufikiria mvua. Mwaka 2019 Oktoba ilinyesha, kisha ikaganda, na takribani theluthi ya mashamba ya wanachama wa American Crystal haikuvunwa kabisa. Hakuna anayeweza kuizuia hali ya hewa, lakini anayeanza na mashamba yake ya mabondeni wakati yangali yanapitika, akaacha ya juu yaliyo makavu kwa siku za mwisho, hupunguza hasara.

Ukiwa na nguvu ya kufanya machache tu

Mwaka wa kwanza huenda fedha au muda visitoshe kutimiza yote. Fuata mpangilio huu. Kwanza, shamba linalotoa maji na lisilopandwa viazisukari kwa miaka mitatu. Pili, mbegu inayolingana na ugonjwa wa shamba hilo. Tatu, kupanda kwa uangalifu mapema udongo unaporuhusu, hata kama itakubidi kukodi mashine bora zaidi kwa siku mbili. Nne, kutozidisha naitrojeni, jambo ambalo badala ya kukugharimu linakuachia fedha mfukoni. Tano, kupulizia dawa ya madoa ya majani kwa wakati. Mengine yaongeze mwaka hadi mwaka.

Katika kila shamba andika tarehe ya kupanda, idadi ya mimea iliyoota, tarehe ambayo majani ya mistari miwili yalikutana, ugonjwa uliouona na mahali ulipouona. Majibu ya kiwanda yakija, yaweke kando ya kumbukumbu hizo: tani, asilimia ya sukari, kiasi kilichopotelea kwenye molasi. Shamba lililochelewa kufunga majani litajionyesha, na lililozidishiwa naitrojeni litajionyesha. Baada ya misimu mitatu utakuwa na mwongozo wa shamba lako mwenyewe, na huo ndio utakaoufuata kuanzia hapo.